Fizikia ana D na anataka udaktari: ajaze PCB au CBG?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa tumbaku, nipo Urambo. Binti yangu amemaliza kidato cha nne shule ya kata, kapata daraja la pili, pointi 18. Baiolojia B, Jiografia B, Kiswahili B, Kemia C, Kiingereza C, Historia C, Uraia C, Fizikia D, Hisabati D. Akiwa shuleni alijaza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) chaguo la kwanza kwa sababu anataka udaktari. Sasa wamefungua dirisha la kubadilisha. Mjomba wake aliyeko Dar anasema ahamie EGM, benki kuna kazi. Mwalimu wake wa darasa anasema anaandika vizuri mno, aende HGL. Jirani anasema zimekuja tahasusi mpya nyingi, yaani kombi za masomo ya kidato cha tano, PCB imepitwa na wakati. Mimi niliishia la saba, na kila mtu ananiuliza baba umeamua nini. Tufanyeje huyu mtoto asije akakwama mlangoni mwa chuo kikuu? Baba Mwajuma, Urambo.*

Marahaba, Baba Mwajuma, na poleni na msimu. Najua wakati huu tumbaku bado iko bandani na mawazo yako sokoni. Umefanya jambo ambalo wazazi wachache hulifanya: umeniandikia gredi za masomo yote. Wengi hunipigia wakasema "mtoto kapata tu, Mwalimu, kapata tuu," nami nabaki kama mganga aliyeletewa mgonjwa kafunikwa shuka gubigubi.

Nianze na mjomba, yeye hatatuchukulia muda. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati, na Hisabati yenyewe si ile ya kidato cha nne. Ni somo kamili, zito, la kukaa nalo kila siku kwa miaka miwili. Mwajuma ana D ya Hisabati na wala hajataja benki popote. Huo ni mradi wa mjomba. Msalimie sana.

Jirani ana nusu ya ukweli. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa kweli, zikafika 65, zikapangwa katika makundi saba: sayansi, sayansi ya jamii, lugha, biashara, sanaa, michezo, hadi elimu ya dini. Lakini PCB ipo palepale ilipokuwa. Na tahasusi kuwemo kwenye orodha ni kitu kimoja, kuwepo kwenye shule atakayopangiwa mtoto ni kitu kingine, na kutajwa kwenye masharti ya kozi ya chuo kikuu ni cha tatu. Mzazi akinijia na kombi mpya inayong'aa, nampa kazi ndogo: aniletee kozi tatu za chuo kikuu zinazoipokea, kwa jina la kozi na jina la chuo. Akizipata, mtoto ajaze. Asipozipata, tunaongea mengine.

Mwalimu wa darasa nampa heshima yake, maana yeye ndiye aliyemwona mtoto akiandika. Ila kuna kitu kidogo alikipitia haraka. HGL ni Historia na Jiografia, na ile L ni Kiingereza. Mwajuma B yake ni ya Kiswahili, Kiingereza ana C. Kama kipaji anachokisema mwalimu kilionekana kwenye insha za Kiswahili, basi kombi yake ni HGK au HKL, ambamo Kiswahili kimo. Uandishi wa habari, sheria, ualimu wa sanaa, njia hizo zote zipo na ni za heshima. Sizipuuzi hata kidogo. Lakini mtoto amesema udaktari, na mimi huwa naanza na alichosema mtoto, namfuata hadi nione kama anamaanisha.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Ndani yake kila chuo kikuu kimeorodhesha kozi zake, na mbele ya kila kozi kuna masomo inayoyataka. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kima cha chini kwa jumla ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye pointi 4 zikijumlishwa, tena katika masomo ambayo kozi hiyo imeyataja. Pointi za TCU zinahesabiwa kwa upande mwingine kabisa na zile za Baraza la Mitihani, Necta: kwa Necta pointi chache ndizo nzuri, kwa TCU nyingi ndizo nzuri. Kwa TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S, ule ufaulu mdogo chini ya E, haiingii kwenye prinsipo. Na kwa udaktari wa binadamu masomo mawili hayatoshi: wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na gredi zinazoeleweka. Ufamasia na maabara, Fizikia imesimama mlangoni vilevile.

Hesabu hizi mbili zisipoeleweka zinaumiza watu. Nitakupa kisa, na ndani yake nina fungu langu la lawama.

Katika shule mojawapo niliyofundisha tulikuwa na kijana wa PCB, mpole, anapendwa. Kidato cha nne alikuja na D ya Fizikia, kama Mwajuma. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa taaluma, na shule ilikuwa inatafuta wanafunzi wa kujaza darasa la sayansi, kwa hiyo fomu yake nikaigonga muhuri bila kumuuliza swali hata moja. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka: Fizikia S, Kemia E, Baiolojia D. Kwa hesabu ya Necta S ni 6, E ni 5, D ni 4, jumla 15. Daraja la tatu! Mama yake akanipigia simu, nikasikia vigelegele kabla sijasema haloo. Nyumbani wakachinja mbuzi.

Wiki chache baadaye akaja ofisini na bahasha ya kaki, tujaze maombi ya chuo kikuu. Nikachukua kalamu. D pointi 2, E pointi 1. Jumla 3. S haihesabiki. Nikarudia kujumlisha kana kwamba namba zitanionea huruma. Kijana mwenye daraja la tatu, ambaye kijiji kizima kilijua kafaulu, alikosa chuo kikuu kwa pointi moja. Akaenda kusoma stashahada ya afya, ambayo angeweza kuiomba kwa cheti chake cha kidato cha nne miaka miwili nyuma. Hakunilaumu. Aliirudisha karatasi kwenye bahasha taratibu, akaukunja mdomo wa bahasha mara mbili, akaniambia asante Mwalimu.

Tangu siku hiyo D ya Fizikia sijaipitisha tena bila kuuliza: hii D ni ya nani?

Maana watoto wawili wanaweza kuwa na D inayofanana na wakawa mbalimbali kama Urambo na Igunga. Mmoja alikuwa na mwalimu wa Fizikia miaka yote minne, akafanya praktiko, akasoma tuisheni, akapata D. Huyo Fizikia na yeye hawajaelewana, na kidato cha tano hawatapatana. Mwingine alisoma shule ya kata ambayo mwalimu wa Fizikia alihama yeye akiwa kidato cha pili, wakakaa wenyewe mwaka mzima wakinakili kwenye vitabu, praktiko wakaiona mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani, na bado akapata D. Hiyo si D ya mtoto. Hiyo ni D ya shule, na yeye amebeba tu.

Mwambie Mwajuma alete madaftari yake ya Fizikia, hasa ya kidato cha pili na cha tatu. Wewe huhitaji kujua Fizikia. Tazama tarehe pembeni mwa kurasa. Ukikuta zinaruka kutoka mwezi wa tatu hadi wa tisa, umeshajua jambo kubwa. Tazama na alama za kalamu nyekundu: kama hakuna mwalimu aliyesahihisha kwa miezi, ndiyo hayo hayo.

Baada ya madaftari, mpe mtihani mdogo. Huwa naufanya na wanafunzi chini ya miembe ya hapa Tabora, na hata kwenu miembe haikosekani. Mpe siku mbili arudie mada ya mwendo na mvutano wa ardhi kwenye vitabu vya kidato cha pili, kisha mwandikie maswali haya.

La kwanza: embe limekatika juu ya mwembe, mita 20 kutoka ardhini. Litatumia sekunde ngapi kufika chini? Mchapuko wa mvutano wa ardhi achukue 10. Jibu ni sekunde 2. Hili ni swali la kidato cha pili, fomula ipo kitabuni, na akilikosa baada ya kusoma siku mbili, basi mambo ni magumu.

La pili, mpe siku inayofuata: mtu kapanda mwembe uleule, yuko mita 20 juu, kalirusha embe kwa mbele, limelala sawasawa na ardhi, kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde. Litatua umbali gani kutoka kwenye shina? Hili ni la kidato cha tano. Hajafundishwa. Simtaki apate jibu papo hapo. Nataka ukae pembeni umtazame. Je, anachora? Anauliza "fomula gani baba?" na kuishia hapo, au anakaa kimya anazungusha kalamu? Mtoto mwenye Fizikia ndani yake kuna mahali atafika aseme: ngoja kwanza, embe hili lililorushwa na lile lililodondoka lenyewe si yanatua pamoja? Akishaiona hiyo, yaliyobaki ni kuzidisha tu. Nimewaona wenye C wakalishindwa, na binti mmoja mwenye D akalimaliza kwa kijiti mchangani huku akila embe lenyewe.

Kwa nini nasumbuka na embe? Kwa sababu Fizikia ya kidato cha tano inaanzia hapo hapo, kwenye vitu vinavyorushwa, vinavyozunguka na vinavyobembea, na kila kimoja kinakuja na hesabu zake. Wanafunzi wengi wa PCB ninaowajua walianguka muhula wa kwanza kabla hata hawajaufikia umeme. Na D ya Hisabati itamfuata pia, maana anayesoma PCB au CBG analazimika kuchukua BAM, ile Hisabati ya nyongeza. BAM haihesabiwi kwenye daraja, ndiyo maana wengi wanaidharau, halafu wanakutana nayo kwenye mwongozo wa TCU, kwani kuna kozi zinazouliza ufaulu wa BAM au wa Hisabati ya kidato cha nne. Asiitupe.

Sasa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Ukitazama gredi zake kwa hesabu ya Necta, ambako B ni 2, C ni 3 na D ni 4, hapa ndipo anapokaa vizuri: 3, 2 na 2, jumla 7. PCB ni 4, 3 na 2, jumla 9. Kikomo cha tahasusi kwa kuchaguliwa shule za serikali ni pointi 10, kwa hiyo zote mbili zinapita, lakini ya kwanza inapita kwa nafasi na ya pili inapita kwa kuinama. Wazazi wengi wakiona hivyo wanasema basi CBG, yaishe.

Haiishi hivyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, Kemia imo kote kuwili. Anayekimbia PCB kwenda CBG amekimbia Fizikia peke yake, na kwa macho yangu, mimi niliyefundisha Kemia, inayowamaliza watoto kimyakimya ni Kemia. Fizikia inamtisha mtoto mchana kweupe, anajua imemshinda. Kemia inamdanganya: anaelewa darasani, anakariri, halafu pepa ya pili inamuuliza kitu kilekile kwa sura nyingine. C ya Mwajuma ni ya kufanyiwa kazi kombi yoyote ya sayansi atakayoingia. Na Jiografia ya advansi, yaani ya kidato cha tano na cha sita, nayo si mahali pa kupumzikia. Kuna ramani, kuna takwimu, kuna utafiti, na insha ndefu za Kiingereza.

Pili, CBG inafunga mlango wa udaktari wa kutokea kidato cha sita, na ukishafungwa huurudii. Hapa ndipo nataka uniletee masikio yote mawili, Baba Mwajuma. Mtoto akianza PCB akaona Fizikia imemlemea, wiki za mwanzo anaweza kumwomba mkuu wa shule ahamie CBG, mradi shule inayo. Hajapoteza kitu: Kemia na Baiolojia anaendelea nazo, Jiografia amekosa vipindi vichache. Lakini aliyeanza CBG, akaja kushtuka mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata kwamba alitaka udaktari, hana pa kuingilia. Fizikia imeshakwenda mbali. Kushuka kunawezekana, kupanda hakuna ngazi.

Nisije nikaonekana naisema vibaya CBG, maana nayo nina ugomvi na jinsi inavyochukuliwa. Mtoto mwenye prinsipo nzuri za CBG anaingia kilimo, misitu, ufugaji na mambo ya chakula kule Sokoine, Morogoro, anaingia ualimu wa Baiolojia na Kemia, anaingia kozi za mazingira. Sisi watu wa Tabora tumezaliwa kwenye miombo, asali yetu inaulizwa mbali, Chuo cha Nyuki kipo hapahapa mjini, lakini mwulize mwanafunzi wa CBG atakuwa nani, atakujibu "daktari", kisha anyamaze akikumbuka kuwa hana Fizikia. Hakuna aliyemwambia. Kama Mwajuma anaipenda Baiolojia kwa ajili ya mimea na wadudu, si kwa ajili ya wagonjwa, basi CBG yenye B na C ni bora mara mia kuliko PCB ya kuungaunga.

Kwa hiyo kuna swali lazima umuulize, na umuulize mkiwa wawili, mama na shangazi wasiwepo: akisema udaktari ana maana gani? Nimewahi kumuuliza binti mmoja hivyo akaniambia anapenda lile koti jeupe. Mwingine akaniambia bibi yake alikufa zahanati ikiwa imefungwa, na yeye anataka awe wa kuifungua. Huyo wa pili siyo lazima apite kidato cha tano kabisa, na hii ndiyo njia ambayo hakuna aliyekutajia.

Kwa cheti alichonacho leo, Mwajuma anaweza kuomba stashahada ya utabibu. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anazo zote, D ya Fizikia inatosha. Ni miaka mitatu, anatoka afisa tabibu, yaani yule mnayemwita daktari kwenye kituo cha afya cha kata. Akitaka kupanda kuwa daktari wa shahada, mwongozo wa TCU una mlango wa wenye stashahada: wastani usiopungua 3.0 chuoni, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Rudi juu usome gredi zake. Anazo tano zote. Zile D mbili unazozionea aibu ndizo zinazoushikilia mlango huu usijifunge.

Tuhesabu miaka. PCB miaka miwili, udaktari mitano, mafunzo ya vitendo hospitalini mmoja: minane, kama hakuna kilichokwama. Stashahada mitatu, udaktari mitano, mafunzo mmoja: tisa, lakini baada ya mitatu ya kwanza tayari ana taaluma mkononi, hata akiishia hapo. Kwa kijana wangu wa bahasha ya kaki hii ndiyo hesabu niliyopaswa kumfanyia.

Ubaya wake ni pesa. Kidato cha tano na cha sita shule za serikali hakuna ada tangu mwaka wa masomo 2022/23. Utagharamia yaliyomo kwenye fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, sare, fyekeo, karatasi, nauli. Stashahada ina ada kila mwaka. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha na baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kozi za afya zimo, lakini mkopo huombwa na haugawiwi kwa kila mwombaji, kwa hiyo usiuingize kwenye bajeti ya tumbaku kabla hujauona. Na chuo chochote kinachokuja na vipeperushi stendi, kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada, na kozi yenyewe pia.

Umeniuliza tufanyeje, basi nitakwambia kama ningekuwa mimi.

Kama madaftari yanaonyesha D ni ya shule, na la embe la pili amelihangaikia hata kama hakulimaliza, ningeiacha PCB chaguo la kwanza na CBG chaguo la pili. Na wakati wa kuchagua shule ningetafuta yenye kombi zote mbili, hata kama haina jina kubwa. Hapa wazazi wengi hukosea. Tuna shule kongwe Tabora hii, Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Wavulana, na kila mzazi anataka jina la kutaja msibani. Jina halimsaidii mtoto anayehitaji kuhama kombi wiki ya tano akaambiwa hapa CBG hakuna. Uliza pia kama kuna mwalimu wa Fizikia wa advansi aliyeajiriwa pale, siyo wa kujitolea anayesubiri ajira. Uliza kwa wanafunzi waliopo, siyo kwa tovuti.

Akishafika, mitihani ya kwanza ya Fizikia isomwe kama kipimo cha homa. Akipata 40 na kuendelea huku akijua alipokosea, abaki. Akipata 15 na asielewe hata kwa nini, ahame mapema bila aibu, na wewe nyumbani usimwambie ameshindwa.

Kama madaftari yanaonyesha alifundishwa vizuri na bado ni D, na embe limemshinda, lakini kiu yake ya kutibu watu ni ya kweli, ningempeleka stashahada, hata ikibidi kusubiri msimu mmoja wa tumbaku kupata ada. Na kama kiu haipo, ni koti tu, basi CBG au HGK, kwa moyo mweupe.

Hiki kipindi cha kusubiri nyumbani kisiishe kwenye kuchambua tumbaku tupu. Nenda naye steshenari yoyote hapo Urambo wawashushie kwenye simu miongozo ya TCU ya mwaka uliopita. Ipo miwili, mmoja wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada, mchukue yote. Achague kozi nne anazozitamani, aandike kwenye daftari masomo inayoyataka kila moja. Masharti hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mtoto aliyewahi kuusoma mwongozo kwa macho yake akiwa hajaingia kidato cha tano, anasoma tofauti na mwenzake.

Kubadilisha chaguo mnaingia kwenye mfumo ule ule aliojazia, Selfomu, kwa namba yake ya mtihani. Simu ikigoma aende kwa mwalimu wa taaluma wa shule aliyomaliza, awahi, siku za mwisho mfumo huelemewa. Mkimaliza hakikisheni mmehifadhi nakala ya mlichojaza, muichape, muiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Na embe la pili linatua mita 6 kutoka kwenye shina. Huu ukurasa usimwonyeshe kabla hajajibu.